Miguu ya wazee wetu: nguvu haifungwi kwa mpira, inarudishwa kwa kiti

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea wa darasa la jioni tunaandika juu ya miguu ya wazee. Habari hii ilianzia darasani kwetu, na ilitufundisha sisi kabla hatujaweza kumfundisha mtu mwingine. Ndani yake kuna kosa letu pia, na hatutalificha.

BIBI ALIYEACHA KUNYWA MAJI

Katika darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika alikuwepo bibi mmoja ambaye hakukosa hata siku moja. Alikaa mbele kabisa karibu na ubao kwa sababu ya macho. Kisha akaanza kukosa. Wiki ya kwanza tulidhani ni malaria. Wiki ya pili tulimtuma mwenzake akaulize, akajibiwa kwamba bibi haumwi. Wiki ya tatu tukaenda wenyewe.

Tulimkuta ameketi mlangoni, midomo imekauka. Alitupokea vizuri, akatuulizia wanafunzi wote, lakini juu ya darasa hakusema kitu. Tulipoaga, mkwe wake alitusindikiza hadi njiani, ndipo akatueleza. Bibi hawezi tena kuinuka chooni. Vyoo vyetu mnavijua, ni vya shimo, mtu anachuchumaa. Mara mbili bibi alishindwa kusimama, akabaki humo ndani mpaka akamwita mtoto wa jirani aje amvute mkono. Aibu ile ilimkaa moyoni. Akaamua kupunguza maji: asubuhi hanywi chai, mchana hanywi kitu, anangoja giza liingie. Darasani aliacha kuja kwa sababu benchi zetu ni fupi, na aliogopa kushindwa kuinuka mbele ya watu.

Kumbe hakuwa na jeraha wala homa. Muuguzi wa kituo cha afya alimpima akasema magoti hayana ubaya mkubwa, ila misuli ya mapaja imekwisha nguvu. Alimwonya pia kwamba kujinyima maji kutamletea ugonjwa wa kweli.

Basi tukajiuliza, nguvu za bibi zilikwenda wapi? Kwao, katika milima ya Fizi, alilima muhogo mpaka mvi zikamjaa kichwani. Alibeba kuni, alipanda na kushuka kilima, alichuchumaa jikoni kila siku. Alipofika kambini hakupata shamba. Na watoto wake wana adabu nzuri. Maji wanachota wao, kuni wanatafuta wao, foleni ya posho wanapanga wao. Kila akitaka kushika ufagio wanamwambia, "Mama, kaa tu, upumzike." Akakaa. Alikaa miaka sita.

KUKAA KUNAKULA MIGUU

Hapa tuseme jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Misuli ya mtu huanza kupungua polepole akiwa bado kijana wa miaka 30 hivi, na baada ya miaka 60 inapungua haraka zaidi. Hiyo ni njia ya kila mwanadamu, tajiri na maskini. Lakini uzee hufanya sehemu tu ya kazi hiyo. Sehemu nyingine inafanywa na kukaa.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari ya jaribio moja. Waliwachukua wazee wenye afya njema, wenye umri wa miaka 67 hivi, wakawalaza kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, na chakula walipewa. Baada ya siku hizo 10 walipimwa, wakaonekana wamepoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Siku 10 tu! Sasa fikiria mzee wako aliyelazwa na malaria wiki mbili, kisha akarudi nyumbani mkamwekea mkeka akae hadi mwezi uishe. Mtasema malaria ndiyo iliyommaliza. Kumbe mkeka nao umechangia.

Habari njema ni kwamba njia hiyo ina kurudi. Mwaka 1990, katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Boston, huko huko Marekani, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Walikuwa dhaifu kweli. Waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa muda wa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka, kwa wastani, kwa asilimia 174, yaani mwisho walikuwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya zile za mwanzo. Wawili kati yao waliacha kutumia fimbo. Jamani, mtu wa miaka 90! Tangu siku hiyo hakuna mganga anayeweza kusema kwa haki kwamba mzee hajengeki tena.

Lakini wazee wale wa Boston walinyanyua uzito mkubwa, kwenye mashine, mbele ya wataalamu. Mzee mwenye magoti yanayouma, au aliyetoka kupasuliwa, mara nyingi hawezi uzito mkubwa. Hapo ndipo sisi walimu tulipojikwaa.

MKANDA WA WAJAPANI

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, aliona kwenye simu picha za video za wazee wa Japani wakifanya mazoezi na mikanda imefungwa juu ya mapaja. Walinyanyua vitu vyepesi sana, lakini ilisemwa kwamba misuli yao inakua kama ya mtu anayenyanyua vizito. Tulifurahi mno. Tulisoma zaidi, na tuliyosoma yalikuwa ya kweli, kwa hiyo tuyaeleze hapa vizuri.

Mazoezi hayo Wajapani huyaita kaatsu, maana yake kuongeza mbano. Aliyeyaanzisha ni Yoshiaki Sato. Mwaka 1966, akiwa kijana, alikuwa amepiga magoti kwa muda mrefu katika ibada ya Kibudha ya kumkumbuka marehemu. Miguu ikafa ganzi, mashavu ya miguu yakajaa na kuuma kama ya mtu aliyetoka kufanya mazoezi magumu. Akawaza: damu haikupita vizuri, je, ndiyo sababu? Akaanza kujifunga mikanda na kujijaribu mwenyewe, miaka na miaka.

Inavyofanya kazi ni hivi. Damu huenda mguuni kwa mishipa ya kupeleka, na hurudi moyoni kwa mishipa ya kurudisha. Mishipa ya kupeleka iko ndani zaidi na ina nguvu. Ile ya kurudisha ni laini, hubanwa kwa urahisi. Mkanda ukibana kwa kipimo, damu inaendelea kuingia mguuni lakini kidogo, na kurudi kwake kunacheleweshwa. Mguu unajaa. Hewa safi inayoletwa na damu inapungua ndani ya msuli, na uchafu wa kazi unakusanyika. Msuli unachoka mapema, hata kama kitu kinachonyanyuliwa ni chepesi, na mwili unalazimika kuamsha nyuzi kubwa za msuli zinazoamshwa kwa kawaida na mizigo mizito. Ndiyo maana unakua.

Mtu wa kawaida anayetaka kujenga misuli kwa haraka huambiwa anyanyue uzito wa 70 kwa mia, au zaidi, ya ule anaoweza kuunyanyua mara moja tu. Kwa mkanda huu uzito ni 20 hadi 30 kwa mia. Kawaida hufanya mara 30, kisha 15, kisha 15, kisha 15, na kati yake anapumzika sekunde 30. Watafiti wa Japani walionyesha kwamba hata kutembea polepole dakika 20 mikanda ikiwa mapajani kuliwaongezea nguvu wazee wa zaidi ya miaka 60. Leo wataalamu wa viungo katika hospitali za nchi nyingi wanautumia mkanda kwa mtu aliyepasuliwa goti, na kwa wazee wasioweza kubeba uzito. Kwa hiyo hatusemi kwamba jambo hili ni uongo.

KOSA LETU

Tulilisimulia darasani. Tulilisimulia kwa furaha, tukachora mguu na mkanda ubaoni, tukaeleza mishipa. Tulisema mkanda una mashine ya kupima, lakini tulisema haraka haraka, kama mtu anayetaja jambo dogo. Vijana walisikia neno "mkanda". Neno "kupima" halikuwaingia.

Kijana mmoja wa darasa letu, mwenye miaka 17, anampenda babu yake kuliko tunavyoweza kueleza. Babu huyo ndiye aliyevuka naye ziwa akiwa mtoto mdogo. Siku mbili baada ya somo alikata tyubu ya baiskeli, akamfunga babu mapaja yote mawili, akamwambia asimame na kuketi mara 30. Babu alivumilia kwa sababu mjukuu alisema ni mafundisho ya mwalimu. Miguu ilianza kufa ganzi, akavumilia. Kijana akadhani ganzi ndiyo dawa inafanya kazi. Akaacha tyubu muda mrefu, kwa kuwa hatukuwaambia mkanda unakaa muda gani.

Usiku mguu wa kushoto ulivimba, ukawa wa moto, na shavu la mguu likauma hata kuguswa. Asubuhi walimpeleka kituo cha afya, na huko walimtuma hospitali. Madaktari walihofia kwamba damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge la damu la namna hiyo linaweza kung'oka, likasafiri hadi kwenye mapafu, na mtu akafa ghafla. Babu alikaa hospitali siku kadhaa, akapewa dawa, akarudi salama. Tunamshukuru Mungu. Lakini tulipokwenda kumwona hatukuwa na la kusema, tulisimama tu pale kitandani. Yeye alituangalia akasema, "Walimu, mlinifunga mimi au mlinifunza?" Neno hilo tunalo hadi leo.

KWA NINI TYUBU SI MKANDA

Muuguzi alitukalisha, akatueleza kwa utulivu. Tunayaandika maneno yake kwa mpango ili kila nyumba iyasikie.

Kwanza, mkanda wa kweli ni mpana na hujazwa hewa, kama ule wa kupimia presha. Mtaalamu hutafuta kwanza ni mbano gani unaosimamisha kabisa damu inayoingia kwenye mguu wa mtu huyo, kisha anatumia sehemu tu ya mbano huo, 40 hadi 80 kwa mia. Kila mtu na kipimo chake, na paja lina kipimo tofauti na mkono. Tyubu haina kipimo. Mkono wa kijana unavuta mpaka anapoona imekaza, na hajui kama amepunguza damu au ameifunga yote.

Pili, kitu chembamba kama tyubu, kamba au kitambaa kilichosokotwa kinakata. Mbano wote unakusanyika mahali pamoja, na mishipa ya fahamu inaweza kuumia.

Tatu, kabla ya kumvika mtu mkanda, mtaalamu humuuliza maswali mengi. Je, aliwahi kuganda damu miguuni? Ana presha ya kupanda? Ana kisukari, ugonjwa wa moyo, mishipa iliyovimba miguuni? Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengine huuita sikoseli? Ni mjamzito? Mwenye mojawapo ya hayo anaweza kukatazwa kabisa. Wazee wetu wangapi hapa wamepimwa presha mwaka huu? Hata sisi tulioandika hatukuwa tumepima za wazazi wetu.

Kwa hiyo tunasema wazi, na mwenye simu awasomee na wengine: msimfunge mzee mguu wala mkono kwa tyubu, kamba, kitenge au mpira wowote kwa ajili ya mazoezi. Kama hospitali itakuja kuwa na mkanda wa kweli na mtaalamu wake, vizuri, mzee aende huko. Nyumbani hapana. Na kama mguu mmoja wa mzee umevimba, unauma na una joto kuliko mwenzake, au ameanza kupumua kwa shida na kifua kinamchoma, msingoje asubuhi. Mpelekeni saa ile ile, wala msimsugue mguu huo.

KITI KINATOSHA

Tulimuuliza muuguzi, sasa bibi wa darasa letu tumsaidie vipi? Akavuta kiti cha mbao, akasema, "Kwa hiki." Akatuita tena baada ya wiki moja, siku ambayo mtaalamu wa viungo alipita, na huyo akatufundisha tunayoandika hapa chini. Hayana gharama. Yanafanana na yale ambayo wazee wa Dunedin, katika nchi ya Nyuzilandi, walifundishwa majumbani mwao miaka ya 1990, wakiwemo akina mama wa miaka 80 na zaidi. Huko, majaribio manne yakijumlishwa, kuanguka kulipungua kwa asilimia 35.

1. Kuinuka na kuketi. Weka kiti imara, mgongo wa kiti ukutani kisiteleze. Mzee aketi mbele kidogo ya kiti, nyayo chini, mikono imekunjwa kifuani. Ainame mbele, asimame wima, kisha aketi polepole bila kujitupa. Kuketi polepole ndiko kunakojenga. Kama hawezi bila mikono, ashike mapaja au meza, si aibu. Aanze na mara 5, aongeze hadi 10. Apumzike, arudie tena duru moja au mbili.

2. Kunyanyua visigino. Asimame ameshika mwimo wa mlango, anyanyue visigino, ahesabu hadi tatu, ashushe taratibu. Mara 10.

3. Kunyoosha goti. Akiwa ameketi, anyooshe mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke, ahesabu hadi tatu, ashushe. Mara 10 kila mguu. Akizoea, chukua soksi kuukuu, tia mchanga wa nusu chupa ya lita moja, funga mdomo wa soksi, na uilaze juu ya mguu karibu na kifundo. Tunasema ilaze, usiifunge mguuni. Mmeshasikia habari ya kufunga.

4. Kusukuma ukuta. Asimame hatua moja mbali na ukuta, viganja ukutani, akunje viwiko akisogea mbele, kisha ajisukume arudi. Mara 10. Ni kwa ajili ya mikono na mabega.

5. Kusimama kwa mizani. Aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kama anayetembea juu ya ubao. Mkono uwe karibu na ukuta, na mtu asimame kando yake. Ahesabu hadi 10, abadilishe miguu.

Yafanywe siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ili misuli ipate siku ya kupumzika katikati. Siku nyingine atembee tu. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawaambia watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na ya mizani pamoja na nguvu siku tatu au zaidi.

Mambo ya kuangalia. Mzee asizuie pumzi, ahesabu kwa sauti ndipo atapumua. Misuli kuuma kidogo kesho yake si ubaya. Kifua kuuma, kizunguzungu, au goti kuchoma kama sindano, aache hapo hapo akaonane na muuguzi. Mwenye presha au moyo aulize kwanza kabla ya kuanza. Na mwenye njaa asilazimishwe.

Kiti kinasaidia pia kupima. Kwa sekunde 30, mikono ikiwa kifuani, mzee anasimama na kuketi mara ngapi? Wataalamu wa Marekani wanasema mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akifanya chini ya 10, na mwanamume wa umri huo chini ya 12, yuko katika hatari ya kuanguka. Kwa miaka 80 hadi 84 ni chini ya 9 kwa mwanamke na chini ya 10 kwa mwanamume. Ikiwa lazima atumie mikono, andika sifuri, wala asihuzunike. Sifuri ni mahali pa kuanzia.

Akishafanya mara 10 kwa duru tatu bila kuhangaika, msitafute mzigo. Punguzeni kimo. Kutoka kitanda kirefu aende kwenye kiti, kutoka kiti aende kwenye stuli, kutoka stuli aende kwenye kigoda cha jikoni. Kila kimo kinaposhuka, anakaribia kuchuchumaa mwenyewe. Na huko ndiko bibi wetu alikotaka kufika.

NA CHAKULA JE?

Wengi watatuuliza, na ni haki yao. Msuli haujengwi kwa kusimama tu, unajengwa na chakula cha kujenga mwili. Wataalamu wanashauri mzee apate kama gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mzee wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi. Mnaona wenyewe kwamba posho haifiki mbali, na hatutawadanganya. Lakini kuna kitu kilicho mikononi mwetu, nacho ni kugawa. Katika nyumba nyingi mzee anasema "nimeshiba" ili wajukuu wale, nasi tunakubali haraka kwa sababu inatufaa. Maharage, karanga, ndagala na uji wa soya vikipatikana, sahani ya mzee isiwe ya mwisho. Na maji anywe. Nyumba isaidie: taa au tochi ya usiku, mtu wa kumsindikiza, na kamba imara au mti wa kushika uliosimikwa ndani ya choo. Mti huo vijana wanaweza kuuweka leo kabla jua halijatua.

HESHIMA YA KUMWACHA AINUKE

Hili ndilo tulilokuja nalo mwezi huu. Kwetu sote, tuliotoka Uvira, Bujumbura au kwingineko, kumkalisha mzee ni heshima. Kijana anayeona babu anabeba bidoni ya maji naye amekaa, huyo hana malezi. Hatusemi mwache desturi hiyo. Tunasema heshima ikizidi inaweza kumfunga mzee miguu kama tyubu. Mtu aliyekatazwa kila kazi anapoteza nguvu ya kufanya hata ile asiyoweza kufanyiwa na mtu. Maji unaweza kumchotea mama yako. Chooni huwezi kumwendea.

Mpeni mzee kazi yake. Achambue maharage lakini aende kuyachukua mwenyewe. Afagie mbele ya nyumba. Atembee hadi kwa jirani kusalimia, badala ya jirani kuitwa kila siku. Akinyoosha mkono umvute, mpe kwanza nafasi ajaribu, wewe simama karibu tayari kumshika.

Sasa tuwaambie mwisho wake. Tulianza darasa la kiti na wazee saba, chini ya mti ulio nyuma ya darasa, kabla ya somo la kusoma. Wawili waliacha, mmoja kwa sababu ya goti, mwingine alisema anacheka mno hawezi kuhesabu. Bibi wetu siku ya kwanza hakuweza kusimama hata mara moja bila kushika. Wiki ya nne alisimama mara nne. Wiki ya tisa, tukihesabu wote kwa sauti, alifika mara nane. Bado hajafika pale wataalamu wanapotaka. Lakini siku hiyo mkwe wake alitunong'oneza kwamba nyumbani bibi amerudi kunywa chai asubuhi, vikombe viwili. Sisi tulikuwa tunahesabu kusimama, mkwe alikuwa anahesabu vikombe. Tukaona hesabu yake ni bora kuliko yetu.

Na babu yule? Alikataa kuja kwa muda mrefu, na hatukumlaumu. Mjukuu wake naye aliacha shule wiki mbili kwa aibu, tukaenda kumwambia kwamba kosa lilianzia ubaoni kwetu. Mwezi uliopita, baada ya daktari kumruhusu, babu alikuja na kiti chake mwenyewe kichwani, amekibeba, amekataa kusaidiwa. Alikiweka chini, akakiangalia huku na huku, akatuuliza mbele ya watu wote, "Leo hakuna mpira?" Tukasema hakuna, babu. Akaketi, akakunja mikono. Mjukuu akasimama kando yake, mikono wazi, bila kumgusa, akaanza kumhesabia.

Darasa la kiti ni kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni, chini ya mti. Kila mzee anakaribishwa, na aje na mtu wa nyumbani mmoja ajifunze pamoja naye. Asiye na kiti tutamtafutia. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.

Sisi walimu wa kujitolea, darasa la jioni